Maji ya Ndizi na Viriba Thelathini

Harufu ya udongo ulioota ukungu hunifikia kabla macho hayajauona. Ni kama harufu ya kapu lililosahauliwa na majani mabichi ndani, chachu kidogo, nzito kidogo. Wafanyakazi wangu hapa kitaluni hushangaa ninaposimama ghafla katikati ya miche na kusema, "Pale, maji yamezidi." Sijakosea hata mara moja. Wanadhani nilijifunza chuoni, kwa sababu stashahada yangu ya kilimo nimeitundika mlangoni na hakuna anayeingia bila kuiona. Chuo kilinipa majina ya vitu. Harufu nilifundishwa na mke wa mjomba wangu, hapa hapa Kagoma, nikiwa na miaka kumi, na sijawahi kumshukuru.

Ulikuwa msimu wa vuli, mvua zikishuka kila alasiri na watu wakianza kutazama angani wakingoja senene. Mama alikuwa ameachika Kimwani, akarudi kwa kaka yake akiwa na mimi na sanduku moja. Mwanamke aliyerudi hivyo hakuwa na hata mgomba mmoja wa kuuita wake. Alipalilia, akala, basi. Siku moja mjomba alinipa miche thelathini ya kahawa, kila mmoja kwenye kiriba chake cha nailoni, akaipanga chini ya kichanja kilichoezekwa majani ya migomba nyuma ya jiko. "Itunze, Kemi," aliniambia mbele ya watu wote wa nyumba. "Ikikua, mtaipanda ukingoni mwa kibanja, kule migomba inapokoma na nyika ya rweya kuanza. Kahawa ya pale itakuwa ya mama yako." Jioni ile nilimwona mama amesimama kule ukingoni, anapima kwa hatua, anarudi, anapima tena.

Niliipenda miche ile kuliko chakula. Asubuhi kabla ya shule niliimwagilia kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Lakini kila siku, akimaliza kumenya ndizi, mke wa mjomba, ambaye sote tulimwita Mama Koku, aliinua beseni lenye yale maji meupe yanayoteleza na kuyamwaga juu ya viriba vyangu. "Ipate kula," alisema. Kwa Wahaya kila kitu cha jikoni hurudi kibanjani, na migomba hunenepa. Wiki ya pili udongo wa viriba uliota nywele nyeupe, laini, kama ndevu za mzee. Nilizikwangua kwa kijiko cha uji. Asubuhi zilikuwa zimerudi. Kisha shina la kwanza likawa jeusi pale linapotokea udongoni, likalala, na mengine yakafuata.

Mama Koku aliita majirani wawili waje kuona. "Tazameni, waitu, jamani! Mtoto kapewa miche, miche imeota mvi kabla yake!" Walicheka wakashika mbavu. Nikasema, "Lakini maji ya ndizi..." Hakuniacha nimalize. "Maji ya ndizi yamelea kibanja hiki kabla baba yako hajamwona mama yako! Ni mkono wako huo, una ukungu. Usinigusie hata mbegu ya maharage." Mjomba alitazama viriba, akamtazama mke wake, akamwambia mama taratibu, "Dada, labda msimu mwingine." Msimu mwingine haukutajwa tena. Maharage yalipopandwa, Koku, binti yao, alipewa mbegu. Mimi nilibeba kapu tupu. Mwaka haukuisha, mama akanichukua tukahamia Nyanga, kule Bukoba mjini. Alifua nguo za watu mpaka kucha zikalainika, nami nikasoma.

Mwaka wa pili wa chuo nilipewa viriba vya mazoezi. Kumi nilivimwagilia maji ya bomba kwa kiasi. Kumi nilivimwagilia maji ya ndizi kila siku, chini ya kivuli kizito. Siku ya tisa ndevu zile nyeupe ziliota, kwenye vile kumi vya ndizi tu. Mwalimu alieleza kwamba wanga wa ndizi hulisha ukungu, na kiriba kilicholowa muda wote huozesha shina. Ugonjwa huo huitwa kinyausi. Dawa yake hata haihitaji duka: punguza maji, fungua kivuli, tifua udongo wa juu kwa kijiti, nyunyiza mchanga mkavu. Wenzangu waliandika. Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kuanza safari ya kurudi Kagoma.

Nilipohitimu nilirudi, nikaanzisha kitalu kikubwa kuliko chochote walichowahi kuona hapa. Mwezi wa tatu akaja Mama Koku mwenyewe, amezeeka, amebeba kiriba kilichoota mvi. "Mwanangu, nisaidie, ipo miche mingi inakufa." Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya kusikika barabarani. Dawa sikumpa. Nilimwambia nitakuja baada ya siku kumi, na nilifika na viriba viwili, nikaviweka miguuni pa mjomba barazani: kimoja nilichokimwagilia maji safi, kimoja maji ya ndizi, chenye ndevu nyeupe. "Mjomba, vyote nimevishika kwa mkono huu huu." Alivigeuza muda mrefu. "Kumbe lilikuwa beseni lako," alimwambia mkewe. Yeye alitazama sakafu. Ndipo nilipomweleza dawa, neno kwa neno, polepole, kama anavyoelezwa mtoto wa miaka kumi.

Mjomba alitukabidhi ukingo wetu siku hiyo. Mama hakuutaka tena. Ana nyumba yake Nyanga, niliyomjengea mimi, na anasema niwaache wazee wapumzike. Sikuwaacha. Nilipanda miche thelathini kamili pale ukingoni, nikaipanga pande mbili za njia ya kwenda kisimani. Sasa imenipita kimo na inazaa. Kila asubuhi Mama Koku hupita katikati yake na ndoo, kwa sababu njia nyingine hakuna. Mimi hukaa pale nikipogoa, hata siku ambazo hakuna tawi la kupogoa.