Fahali Niliyempitisha Mdomoni mwa Mto

Muulize yeyote wa Ipyana: mimi sikurithi hata ndama. Nilianza kwa kubeba mizigo ya Wadachi, wale Wajerumani, nikauza vyungu vya Wakisi mpaka milimani, na kabla sijaota mvi nyumba yangu ya ng'ombe ilikuwa ndefu kuliko ya jumbe. Darasani kwa wamisheni nilikaa msimu mmoja tu. Hayo huwa nayasema kifua mbele. Haya mengine sijawahi kuyasema.

Mwaka ule ng'ombe wa upande wetu wa Mto Mbaka walianza kukohoa. Ng'ombe ananyoosha shingo, anakohoa, anakonda, anakufa. Wazee wa ng'ambo zote mbili wakakubaliana, na boma la Wadachi likaunga mkono, kwamba ng'ombe asivuke mto. Kivukoni wakawekwa walinzi. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa rika, tuliyejenga naye kijiji kimoja tangu ujana.

Tena wakagusa hata desturi ya msiba. Kwetu baba mkwe akifa, aliyeoa huja na ng'ombe wa kuchinja. Wazee wakasema safari hii kila mkwe alete jembe, inatosha.

Baba mkwe wangu akafa, huko ng'ambo.

Mke wangu akanipa jembe jipya. "Chukua, baba watoto. Wote wanapeleka jembe."

"Jembe? Mimi? Si unipe na mwiko kabisa!"

Nikamtoa fahali wangu mweusi, aliyenawiri, hajakohoa hata siku moja. Kivukoni sikupita. Nilishuka hadi mto unapoingia ziwani, tukaogelea mimi nimemshika mkia, na mamba wa pale wanajulikana.

Msibani wanaume walisimamisha ngoma, mikuki mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akanishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, shemeji! Asante sana! Umemtoa wapi huyu?"

"Nimemnunua huku huku kwenu."

Mzee mmoja akasema achinjwe. Nikakataa. "Ngojeni watu wa Matema wafike wamwone!" Basi fahali akalala siku tatu katika nyumba ya ng'ombe ya shemeji, pamoja na wale wanane ambao shemeji aliwakusanya kwa ajili ya mahari. Mchumba alikuwa tayari, wakwe wanasubiri tu.

Siku ya kuchinja nikadai kisu, maana nani anayejua kupasua kama mimi? Nikafungua kifua. Pafu moja lilikuwa gumu kama ini, limenata kwenye mbavu. Nilijua ninachokiona: kikohozi kile kile. Ningesema saa ile, wale wanane wangetengwa mbali na ng'ombe wa majirani, pengine mmoja wawili wangepona. Nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikalifukia migombani, nikarudi kugawa nyama huku nasifiwa.

Mvua zilipoanza, ng'ombe wa shemeji walikohoa. Walikufa wote wanane, na wa majirani wakafuata. Yule binti akaolewa kwingine.

Boma likauliza nani kalala kivukoni. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa kwenye zamu siku za msiba ule. Akalazwa kifudifudi mbele yetu, askari akampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Kila kiboko alisema, "Hajapita ng'ombe!" Alikuwa anasema kweli. Mimi nilisimama mstari wa mbele, nimevaa kanzu yangu nyeupe.

Miaka ikapita, mama mkwe naye akafariki. Kikohozi kilikwisha, marufuku ilikwisha, ng'ombe ninao. Nikachukua jembe.

Shemeji alikuwa bado hajaoa. Akalipokea, akaligeuzageuza.

"Hili limepita kivukoni, shemeji?"

Watu wote wakanigeukia. Rafiki yangu alikuwa miongoni mwao. Kumbe walijua, sijui tangu lini. Huenda mbwa walilifukua lile pafu.

"Limepita kivukoni," nikasema. "Yule fahali hakupita. Nilimpitisha mdomoni mwa mto. Na pafu lake nililiona."

Shemeji akanirudishia jembe. "Basi kachimbe."

Kwetu kaburi huchimbwa kwa kupokezana. Mtu hatoki jasho mara mbili kabla mwenzake hajamwambia lete jembe. Nilichimba mpaka udongo ukanifika kifuani. Rafiki yangu alikuwa amekaa ukingoni, ananitazama. Hakuna aliyesema lete.