Redio ya Bibi na Vizazi vya Kompyuta

Mwezi uliopita, ndugu yangu, nilikwenda nyumbani Mandawa, nikamkuta binti wa dada yangu barazani anakariri kwa sauti: kizazi cha kwanza, taa za utupu, kizazi cha pili, transista. Nikamuuliza kama amewahi kugusa kompyuta.

"Bado, mjomba. Tunakariri kwanza."

Nasi tulikariri hivyo hivyo. Nililelewa na bibi. Msimu wa korosho tuliokota kabla ya shule, tukanuka mabibo mpaka darasani, matumbo yameshiba ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha. Shule haikuwa na umeme wala kompyuta. Tulikuwa na mwalimu mmoja kijana, mgeni kwetu, aliyechora kompyuta ubaoni kwa chaki, na kila kipindi akaichora upya. Siku moja akasema transista haichoreki, lazima tuione, nayo imo hata ndani ya redio. Nani kwao kuna redio mbovu?

Redio ya bibi haikuwa mbovu. Marehemu babu aliinunua Nachingwea, na kila jioni bibi aliisikiliza huku akipeta ufuta, ingawa Kiswahili cha redioni alikishika nusu, nusu akibahatisha kwa Kimwera chake. Nilipomweleza shida ya mwalimu, aliifunga redio kwenye kanga.

"Peleka. Mie sijasoma. Wewe ujue."

Mwalimu aliifungua mbele yetu, akang'oa transista, tukaipokezana: kidude kidogo kama punje ya mbaazi, kina miguu mitatu. Alipokirudisha, redio haikulia tena. Jioni alikuja mwenyewe kuomba radhi. Bibi akamkaribisha ugali na kisamvu, wala hakulitaja jambo lile. Tangu siku hiyo jioni zetu zilikuwa na sauti ya ungo tu.

Katika somo lile niliongoza darasa. Nilipomaliza shule niliitwa Nachingwea kwenye usaili wa ukarani. Nikakalishwa mbele ya kompyuta, nikaambiwa niandike barua. Vizazi vyote vitano nilivijua. Inawashwa wapi, sikujua. Msichana wa pembeni yangu alikuwa keshafika mstari wa tatu.

"Kwani hukusoma kompyuta?" msimamizi akaniuliza, kwa upole kabisa.

"Nilisoma."

Akaniomba niwapishe wengine.

Niliporudi, bibi alikuwa ananingoja mlangoni. "Umeiona hiyo kompyuta?"

"Nimeiona, bibi. Nimeandika barua nzima."

Akaenda kumsimulia jirani papo hapo.

Nilipanga kumwambia ukweli siku nikipata kazi. Kazi ilichelewa, bibi hakungoja. Mwalimu alishahamishwa zamani, na hata nikitaka kumlaumu nashindwa, kwa sababu naye alikuwa na chaki tu. Hasira ninayo, ila sijui nimpelekee nani.

Siku ya mazishi yule jirani alinishika mkono, akaniambia bibi aliitaja barua yangu mpaka siku zake za mwisho.

"Ilikuwa barua ndefu?" akauliza.

Nikamjibu kwamba ilikuwa ndefu.