Shimo Lisilo Letu

Siku ile ya stesheni naikumbuka vizuri, mwanangu, na wewe ndiye umenirudisha huko. Jana ulinionyesha kwenye kompyuta ile tablo, ubao wa alama wa ekipe, vile vikundi vinavyoandika programu, na ekipe ya mwisho imepakwa rangi nyekundu. Ukasema hawa ni wavivu. Nilikwenda kulala. Leo nakujibu.

Nilikuwa kijana, fundi wa pampu kwenye mashimo ya shaba hapa Kolwezi. Tulitoa maji ili wachimbaji wapate kushuka. Mkubwa wa ekipe yetu, tata Kabeya, baba yetu kazini, alizaliwa hapa hapa, Musonoi, lakini babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi. Mlangoni pa karakana palikuwa na tablo, na kwa chaki waliandika pampu za ekipe gani zinazunguka vizuri. Sisi tulikuwa wa mwisho kila mara. Na sababu ilikuwa wazi, ee Mungu wangu! Walituhesabia pia pampu za shimo lililofungwa, ambalo hata ruhusa ya kuingia hatukuwa nayo. Kampuni ilikuwa inaanguka, vipuri hakuna, shimo lile limejaa maji. Tata Kabeya aliomba ofisini tupimwe kwa mashimo yetu tu. Wakamwambia angoje.

Kisha ikaja ile miaka mibaya, watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa hapa kwetu, eti warudi Kasai. Vijana walisimama mbele ya tablo wakisema, "Muone! Bale njo banaua kampuni," yaani hao ndio wanaoiua kampuni. Tata Kabeya, mtu aliyewahi kazini kila asubuhi, akaitwa mharibifu kwa sababu ya chaki. Ilimuuma kuliko matusi yote. Haikupita wiki wakamtoa kwake, yeye na mke wake na watoto, wakaenda kulala stesheni kungoja treni.

Siku chache baadaye ofisi ikafuta shimo lile kwenye tablo. Ekipe yetu ikapanda juu kabisa, na hakuna aliyekaza hata skrubu moja zaidi. Nami, mjinga wee, nikafurahi! Nikakimbia hadi stesheni nikidhani nampelekea zawadi. Nilimkuta ameketi juu ya magodoro yake.

"Tata, tuko ba kwanza! Balifuta lile shimo!"

Akaniangalia. "Balifuta sasa?"

"Ndiyo, tata."

"Hata bangefuta mapema, bangenifukuza tu, mutoto. Lakini ningetoka na jina yangu."

Kisha akageuka kumfunika mtoto wake blanketi. Treni ikamchukua, sikumwona tena, na mpaka leo naona haya.

Basi, mwanangu, rudi kwenye tablo yako. Uliza ekipe ile nyekundu inafanya kazi kwenye ghala zipi za programu, pale wanapotunza kazi yao, na zipi imebandikwa jina tu kwa kuwa hakuna aliyejali kuziondoa. Wapime kwa zile ambazo mikono yao imo. Usifiche ghala ili kumpendelea mtu, hapana, huo nao ni uongo. Lakini ziondoe leo zisizo zao, wenyewe wangali wapo kwenye viti vyao, na kila uliyemwambia kwamba hawa ni wavivu, mwambie ulikosea. Mungu akupe macho ya kuiona kazi ya mtu, na asikupeleke kamwe stesheni ukiwa na habari njema iliyochelewa.