Wifi Asiyeonyesha Uso

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba mbili za udongo pale Dunda, Bagamoyo, moja mbele, ninamokaa, na moja uani. Ya uani ilikaa tupu mpaka shoga yangu, msusi wa mikeka, aliponiomba nimpangishe. Mji mzima ulimjua kwa kazi yake nzuri, na kwa kujisifu kwamba kwao ni waungwana wa Saadani tangu mababu. Tukapatana kodi awe ananilipa kwa mikeka.

"Nakuja na wifi yangu," akasema. "Mjane wa kaka yangu. Macho yanamsumbua, hawezi kukaa juani."

Wakahamia alfajiri. Huyo wifi kajifunika ukaya, hata pua haionekani. Akanipita ukumbini kimya. Mgeni asiyemsalimu mwenye nyumba! Nikasema moyoni, labda ni ugonjwa.

Lakini dirisha likazibwa kwa mkeka, na mlango ukakomewa mchana kutwa. Nikibisha hodi, shoga yangu hutoka akasimama kizingitini, kauziba mlango kwa mwili wake, anacheka kicheko kisichokuwa chake. Siku moja niliona mkono ukichomoza kupokea kata ya maji. Mkono mpana, una sugu kiganjani. Nikajiambia, huyu si wifi, huyu ni mwanamume. Shoga yangu kaniwekea mwanamume uani, kesho jina langu liko sokoni!

Nikaanza kufagia karibu na ukuta wao hata pasipo na taka. Ndipo nikasikia wakinong'ona Kizigua, lugha ya watumwa wengi wa mashambani. Sauti zote mbili zilikuwa za kike. Na shoga yangu alikuwa ameniapia kwamba Kizigua hajui hata salamu.

Wiki hiyo hiyo akaja barazani kwangu msimamizi wa shamba moja la minazi upande wa Mapinga.

"Bibi, hujamwona mjakazi mzee, mtoro? Ana kovu shingoni."

"Sijamwona."

"Uani anakaa nani?"

"Wapangaji wangu."

Akachungulia ukumbini muda mrefu. "Nitarudi na wenzangu," akasema, akaenda zake.

Hapo hapo nikachukua makuti mawili, nikaenda uani. "Fungua, nitazame paa. Linavuja."

"Halivuji, shoga."

"Nyumba ni yangu. Fungua!"

Akafungua. Wifi alikuwa amekaa sakafuni bila ukaya, bibi kizee mwenye kovu shingoni, na uso ule ule wa shoga yangu, ila umezeeka. Aliponiona akainama mpaka chini. "Shikamoo, bibi."

Mtu wa umri wa mama yangu ananishika miguu mimi!

"Ni mama yangu," shoga yangu akasema. "Alinizaa shambani. Nikiwa mchanga akanitoa kwa siri, nikalelewa na mwanamke Mzigua wa Saadani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenipangisha?"

"Nisingekupangisha."

Nilikuwa na hasira, na hofu ilizidi hasira. Nikawaambia hawawezi kulala tena pale. Shoga yangu akaanza kukunja mkeka. Yule bibi alijaribu kusimama akashindwa, miguu imevimba. Basi nikajikuta nasema, "Ngojeni. Tutakwenda sote."

Tukatoka watatu, bibi tumemshika huku na huku, tumejifunika kama watu waendao msibani ng'ambo ya Mto Ruvu. Kufika kivukoni, msimamizi yule yule kasimama anakagua abiria. Sikufikiri. Nikapiga ukelele, "Ndugu yangu ee! Umeniachia nani?" Shoga yangu akapokea kilio, na mama yake naye, ila yeye alilia kwelikweli. Yule mtu akarudi nyuma hatua moja. "Mungu awape subira," akasema. Lakini macho yake yalitufuata mpaka katikati ya mto, na mpaka leo sijui kama alidanganyika au alitaka kudanganyika.

Nikarejea peke yangu. Msimamizi na wenzake walipokuja kupekua uani walikuta majivu na vipande vya ukindu. Jirani mmoja aliniuliza wapangaji wamekwenda wapi, nami nikamtazama nikijiuliza kama ametumwa. Kwa miezi mingi nilimtazama kila mtu hivyo.

Shoga yangu hakurudi Bagamoyo. Wauza samaki wa Saadani ndio walioniambia kwamba mama yake aliishi huko, akafa kwenye kitanda cha mwanawe, akazikwa na watu wengi. Nyumba ya uani nilimpangisha mhunzi nisiyemjua, na sikumwuliza anakuja na nani.