Betri za Lori Letu

Nimeshajicheka vya kutosha, sasa zamu yenu.

Nilikuwa utingo wa Mzee Wafula, lori letu likiwa kwenye foleni ya forodha Malaba. Mzee alisema foleni haitasogea hadi Jumatatu, akaenda kulala gesti. Mimi niliyeacha shule darasa la tano sijui kukaa bure. Nikafuata muziki wa harusi ng'ambo ya barabara.

Bwana harusi alikuwa amefunga spika kubwa kama kabati ndani ya gari lake dogo. Kila besi ilipogonga, taa za gari zilififia na sauti ya mwimbaji ikakatika kama anayekohoa.

"Umeme hautoshi," nikamwambia. "Ngoja."

"Kwani wewe ni fundi, boss?"

"Wa mambo haya hasa."

Nikafungua betri mbili za lori letu, nikaziunganisha na yake, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Besi ikatikisa sufuria za wali. Nikaletewa nyama kabla ya wazee.

Saa nane usiku, bila kungoja Jumatatu, geti la forodha likafunguliwa. Malori yakasogea, letu likabaki limeziba njia. Mzee Wafula akaja harusini anahema, akaomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nimeibiwa betri mbili, zimeandikwa Nekesa, jina la mama yangu, kwa rangi nyekundu. Utingo wangu pia haonekani. Naogopa wezi wamemuumiza."

Sauti ilifika Uganda. Mzee mwenyewe akashangaa.

"Sauti safi hii. Mnatumia nini?"

Bwana harusi akanyoosha kidole kwa fahari, kikafuata waya mpaka kwangu. Nilikuwa nimeketi juu ya Nekesa, mfupa mdomoni.