Kamba Haikuwa Mkononi

Wachimba visima wana sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mshika kamba haachi kamba. Awashwe pua, aitwe na mkwe, nyumba yake iwake moto huko nyuma, kamba ni yake mpaka aliye chini atoke. Mama Kamba aliishika miaka ishirini na miwili. Jina lake la ubatizo lilishasahaulika, na mumewe walimwita Fuko kwa sababu maisha yake yote alijitafutia riziki chini ya ardhi. Watu hawakukosa la kusema: "Fuko kaoa Kamba, sasa atapotelea wapi?" Wenyewe walicheka pamoja nao.

Mtu akiwa shimoni sauti yake hufika juu ikiwa mvumo tu, kwa hiyo wawili hao walizungumza kwa mivuto. Mmoja: ndoo imejaa, vuta. Miwili: nimejifunga kamba kiunoni, napanda, nishike. Mitatu: nitoe, nakufa. Katika miaka yote hiyo Mama Kamba hakuwahi kuisikia mitatu.

Kisima ninachokisema kilikuwa uani kwa kanisa, Mchungaji ndiye aliyewapa kazi. Walishafika futi hamsini. Futi ishirini za juu walikuwa wamezivisha pete za zege, lakini za chini bado. Fuko alisema pete zilizobaki zitakuja wiki ijayo, udongo utavumilia. Ujuzi nao una kiburi chake! Chini kidogo ya pete ya mwisho alijichongea kishimo ukutani, cha kukaa mtu mmoja aliyejikunja. Kengele ya adhuhuri ikilia alipanda mpaka hapo, akapumzika, akala mkate wake. Kutoka nje na kurudi kulimchosha kuliko kuchimba.

Jumatatu kengele ikalia. Kamba ikavutwa mara mbili. Mama Kamba akaishika barabara mpaka mumewe akafika kishimoni na kamba ikalegea. Halafu akaizungusha kwenye kigingi, akafunga fundo, akaingia kanisani.

Usimhukumu upesi. Fuko alikuwa anakohoa mwezi wa tatu sasa, kikohozi kikavu cha vumbi, na mkewe alikuwa na ombi moja tu mbele za Mungu: hiki kiwe kisima cha mwisho. Kuliomba akiwa amesimama juani, mikono imeshughulika, aliona kama kumwomba mtu huku umempa mgongo. Dakika kumi tu, alijiambia. Akapiga magoti kwenye benchi la nyuma. Hata amina hakuifikia. Sakafu ilitikisika chini ya magoti yake, kisha kukawa kimya.

Alipotoka alikuta vumbi limetanda. Pete za zege zimelala upande, shimo limejaa mchanga, na kamba imekaza kwenye kigingi. Akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuja. Akapiga yowe. Na kabla mtu yeyote hajafika, Mungu amsamehe, alilifungua lile fundo.

Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yake, mdogo wa Fuko, mchimba visima naye. Hakusalimia.

"Shemeji, kamba ilikuwa mkononi mwako?"

"Ilikuwa mkononi."

"Kaka alikuwa wapi?"

Hapo ndipo alipobanwa. Akisema kishimoni, basi kamba ilikuwa kiunoni mwa mumewe, na mshika kamba angeisikia mivuto mitatu na angevuta. Uongo wa kwanza ulikuwa unadai wa pili.

"Chini kabisa," alisema. "Kamba ilikuwa kwenye ndoo. Alikuwa anajaza ndoo."

Shemeji alishika kichwa, akakaa pale pale kwenye udongo. Futi hamsini!

Wanaume wa mtaa ule walichimba shimo jingine pembeni, upande wa kanisa, wapate kushuka nalo hadi chini. Walichimba Jumatatu nzima na Jumanne nzima, kwa zamu, mikono ikitoka malengelenge. Kwenye futi ishirini na tano wakakutana na mchanga, kila wakitoa beleshi moja yakaingia mawili. Wanawake waliketi na Mama Kamba, wakamfunika shuka, wakamlazimisha chai. "Jikaze, dada," walimwambia. "Angalau uliishika mpaka mwisho. Amekufa akijua uko naye." Kila aliyesema hivyo alimchoma kisu, naye akaitikia, "Ndiyo, ndiyo."

Utaniuliza, kwani hakujua wanachimba kuelekea pasipo na mtu? Alijua! Lakini alikuwa ameliona shimo limejaa mpaka mdomoni, akajiambia futi ishirini au hamsini, aliyefukiwa amefukiwa. Woga una hesabu zake. Akisema kweli, mume harudi, na yeye ataitwa muuaji mpaka siku ya kufa kwake. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza kukamla ndani kwa ndani.

Kwa Mungu ndiko alikopeleka hasira zake. "Nilikuwa nakuomba Wewe!" alisema Jumanne jioni, peke yake nyuma ya ukuta wa kanisa. "Ningekuwa mpagani ningebaki nje na kamba yangu, na mume wangu angekuwa hai. Nilipiga magoti kwako, Wewe ukamfukia uani kwako! Hii ndiyo baraka?" Alitema mate chini, akaogopa, akayafukia kwa mguu.

Jumatano asubuhi Mchungaji alimjia akiwa na shemeji. Mchungaji alikuwa mtu mwema asiyejua kusema jambo baya vizuri.

"Mama, wachimbaji wanasema wakienda chini zaidi tutafukia wengine. Tutamwombea hapo hapo, kisha tutafukia. Kisima ndicho kitakuwa kaburi lake. Chagua wimbo."

"Niacheni kwanza nisali," alisema.

Aliingia, akarudi benchi lile lile la nyuma. Akafungua mdomo amwombee marehemu, akaishia kwenye "Bwana". Akajaribu tena. Huko nje angeweza kumwambia kila mtu kwamba kamba ilikuwa mkononi. Humu ndani kulikuwa na Mmoja ambaye alimwona akiingia Jumatatu mikono mitupu, akauona na uongo wote uliofuata, na hata mate yale. Siku mbili alikuwa anamkimbia na kumtukana kwa pamoja. Sasa alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka kama mtoto, na katikati ya kilio aligundua kwamba hajafukuzwa. Sikiliza, hakuona maono wala hakusikia sauti. Alijua tu kwamba yuko mbele ya anayejua, na kwamba anaweza kukaa. Na alipokaa, kile alichokuwa anakizuia kichwani siku mbili kikaingia chenyewe: je, kama Fuko bado anapumua pale kishimoni?

Alitoka mbio. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga, mabeleshi mikononi, Mchungaji amefungua kitabu.

"Msifukie!" alisema. "Kamba haikuwa mkononi mwangu. Niliifunga kwenye kigingi nikaingia kusali. Hakuwa chini. Alikuwa kishimoni, chini ya pete ya mwisho. Niliwadanganya."

Shemeji alimfuata taratibu, beleshi mkononi, macho mekundu, mpaka Mchungaji akaweka mkono katikati yao.

"Siku mbili!" shemeji alisema. "Siku mbili unatutazama tu?"

"Ndiyo."

"Umemuua kaka yangu!"

"Huenda. Nipige baadaye, shemeji, ninakuomba. Nenda kachimbe."

"Kishimo kiko upande gani?"

"Wa kanisa."

Shemeji aligeuka akalitazama shimo la pembeni, lile walilochimba upande wa kanisa. Futi ishirini na tano. Akapiga kelele, "Jamani, tumempita! Tumempita ukutani!" Akatupa koti, akashuka kabla hajafungwa kamba.

Wanawake waliokuwa wakimfunika shuka walisogea mbali naye mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana, na sijui lipi ni afadhali. Mchungaji peke yake ndiye aliyekuja akapiga magoti kando yake kwenye tope, na suti yake ya mazishi.

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme, Mchungaji. Omba."

Akaomba, vibaya, akirudiarudia. Mama Kamba aliomba la kwake kimoyomoyo. Bwana, kama umemchukua, nitalia. Kama yu hai, atajua nilichofanya, na huenda asinitake tena. Liwe lipi, mtoe tu, na mimi usiniache. Hakuwa na uhakika wa lolote. Aliganda pale pale juani, akisikia sururu zikigonga ubavu wa udongo, saa moja, mbili, tatu.

Alasiri sauti ya shemeji ilipanda kutoka shimoni, lakini maneno hayakusikika. Watu wote wakasimama. Ndipo aliyekuwa katikati ya ngazi akayapokea na kuyapaza: "Anapumua! Leteni ubao!"

Pete ya mwisho ilikuwa imeangukia ubavu ikaziba kishimo, mchanga ukapita nje yake. Ndani mtu alikuwa amejikunja gizani, mguu umevunjika, anaramba unyevu wa zege. Walimtoa kwenye ubao akiwa wa rangi ya majivu, wakamfunga kitambaa machoni jua lisimuumize. Kelele za shangwe zilikuwa kubwa, wengine wakaanza kuimba. Mama Kamba alisimama mbali. Hakuna aliyemwita. Alijiita mwenyewe, akausogelea ubao.

"Nani huyo?" Fuko aliuliza aliposikia watu wananyamaza.

"Mkeo," alisema shemeji, na hakulisema vizuri.

"Niliiacha kamba," alisema mkewe. Alitaka kulia akajizuia, ayaseme yote kwanza. "Niliifunga kwenye kigingi, nikaingia kusali. Ulivuta, na mimi sikuwepo. Halafu niliwaambia watu uko chini. Nisamehe, mume wangu. Hata usiponisamehe, nilitaka ulisikie kwangu."

"Nilivuta," alisema Fuko. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilivuta mitatu, na mitatu, na mitatu, mpaka mkono ukafa ganzi."

Mkono ule ulipapasa hewani, ukampata. Ukagusa shavu, pua, midomo, ukarudi shavuni kama usioamini.

"Nilijua wewe huwezi kuiacha kamba," alisema. "Nikasema basi, mke wangu amekufa huko juu. Siku zote hizi sikujiombea mimi. Nilikuwa nakuombea wewe."