Mama Rodrick na Mlima wa Theluji ya Mashine

"Ana Mchina huko mlimani," Yustina aliniambia tukianika nguo kibarazani. "Mtu gani anapanda treni kwenda porini, anarudi midomo imepasuka na bado anacheka peke yake? Mama Rodrick ana bwana, nakuambia."

Yustina ni jirani yangu wa mlango wa pili hapa Guangzhou, na akisema jambo asubuhi, jioni limeshafika Pazhou, ng'ambo ya mji. Mimi nikaendelea kuanika. Mama Rodrick, jina lake Imelda, ndiye aliyelala sakafuni hospitali nilipojifungua Natalia, kwa sababu mume wangu alikuwa na mtihani wa chuo na mimi Kichina sijui. Ndiye aliyenipikia mtori, ndizi kazitafuta mji mzima. Ni mjane wa Rombo, ananunua nguo za jumla mtaa wa Guangyuan Xilu na kuzituma Moshi. Tena ni mwenyekiti wa umoja wetu wa kina mama. Ukiugua huku ugenini, hao ndio wanaokuja kukupikia na kukusemea kwa daktari.

Nikaona bora nimuulize mwenyewe. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mchina yupi atanivumilia mimi? Mfunge mtoto mgongoni, Jumamosi twende ukamwone."

Ilikuwa Januari. Tulipanda treni ya kaskazini, kisha basi la kona nyingi. Mlima wenyewe mdogo tu, theluji yake inatapikwa na mashine, na pembeni ya ule weupe unaona matope na mianzi. Nilikaa ndani penye joto, dirishani, Natalia analamba kioo. Mama Rodrick akatoka na viatu vizito vya kukodi na mbao mbili ndefu miguuni, anatembea kama bata. Watoto wa Kichina wakampita wakipiga kelele. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Kijana mmoja wa pale akamjia akipunga mkono, "Bu xing, bu xing," yaani haiwezekani, akamwonyesha sehemu tambarare ya watoto wadogo. Mama Rodrick akamjibu kwa Kichina kile kile anachogombania bei sokoni, akamgeuzia mgongo, akakalia kiti kinachoning'inia kwenye waya, kikampeleka juu.

Aliteremka amechuchumaa, mikono kaitanua, anapiga yowe nililolisikia hadi ndani. Hakuanguka mpaka chini kabisa, kwenye wavu wa kuwazuia wanaoteleza, akabaki chali anatazama mbingu. Nilidhani amevunjika. Nikatoka mbio na mtoto.

"Mama Rodrick! Umeumia?"

"Niache kwanza," akasema. "Niache nilale hapa."

Kwenye basi ndipo akanieleza. Kwao, kila asubuhi akikata majani ya ng'ombe, alikuwa anaiona theluji ya Kibo, karibu kama kitu cha jirani. Kaka zake walipanda, wakawa wapagazi wa wageni. Yeye alipoomba, baba yake akamwambia mlima si wa mtoto wa kike, akalishe ng'ombe.

"Nikaolewa, nikazaa, nikazika," akasema. "Hakuna aliyeniuliza tena kama nilikuwa nataka kitu."

Julai tulirudi. Nilishangaa, maana theluji hakuna. Pale palipokuwa peupe pameota majani, mashine zimefunikwa turubai, na watu wanateleza nyasini kwa sahani kubwa za plastiki. Mama Rodrick alipanda kwa miguu, jasho linamtoka, anasimama kila baada ya muda.

"Hapa ndipo ninapoangukaga. Unaliona bonde hili? Theluji ilikuwa imelificha."

Anapapasa ardhi kama anavyopapasa kitambaa dukani. Kumbe alikuja kuisoma njia. Halafu na yeye akakalia sahani ya plastiki, miguu juu, akateremka. Nikampiga picha, na yeye mwenyewe akaiweka kwenye kundi la simu la watu wa nyumbani, wanaume kwa wanawake.

Picha ile ndiyo iliyoleta kikao. Tulikaa kwa Loyce, katibu wa umoja, chai na maandazi mezani.

"Dada yetu, tumekuita kwa upendo," Loyce akaanza. "Mjane, mwenyekiti wetu, miguu juu mbele ya wanaume! Watu wanatucheka."

"Nimelewa?"

"Hujalewa."

"Nimeiba?"

"Hujaiba, dada."

"Basi nimeteleza."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Loyce hakucheka. "Chagua, mlima au umoja. Ukichagua mlima, siku ukiugua usitutafute."

Hapo mimi nikaogopa. Nikamwona akilini amelala peke yake hospitalini, hana wa kumpa hata uji. Nikasimama na mtoto begani.

"Jamani, mama huyu anaenda kujaribu makoti! Anayavaa wakati wa baridi ajue yapi yanafaa kuuzwa kwa wapanda mlima kule nyumbani; Julai tulienda kuiangalia njia tu."

Sijui niliutoa wapi uongo ule. Chumba kizima kikalegea.

"Kumbe biashara!" Yustina akasema. "Si ungesema mapema, Mama Rodrick, umetuhangaisha bure!"

Loyce akamwongezea chai. Mama Rodrick hakuigusa. Alinitazama bila hasira, akasimama, akajifunga mtandio wake vizuri.

"Mama Natalia, mwanangu, najua umenionea huruma. Lakini nakuomba uwaambie upya, uwaambie ulichokiona. Siendi kuuza, naenda kucheza. Waambie hivyo kwa sauti, halafu wachague wao."